Sindano ya anti-D kwa mjamzito mwenye Rh hasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari hii humfikia mwanamke kama alama ndogo tu kwenye kadi ya kliniki: herufi ya kundi la damu, na kando yake kialama cha kutoa. Anaambiwa "wewe ni negativu, utahitaji sindano," kisha anaitwa mwingine. Maswali huja baadaye, akiwa nyumbani, na mengi huja usiku. Nimeyaandika kama wanawake wanavyoyauliza, ndiyo maana mengine yana jibu refu na mengine neno moja.

Hiyo "hasi" ni ugonjwa?

Hapana. Ni sifa ya kuzaliwa nayo, kama rangi ya macho. Juu ya chembe nyekundu za damu za watu wengi kuna protini iitwayo antijeni D. Aliye nayo huitwa Rh chanya, asiye nayo huitwa Rh hasi. Haikupunguzii nguvu, haikuzuii kushika mimba, wala huhitaji lishe ya pekee. Herufi A, B, AB au O ni habari nyingine kabisa, ingawa huandikwa pamoja nayo.

Ili mtu awe hasi, lazima arithi "ukosefu" huo kwa baba na kwa mama. Ndiyo sababu wazazi wawili walio chanya wanaweza kuzaa mtoto hasi bila jambo lolote la kuficha. Kwa watu wenye asili ya Ulaya walio hasi ni takriban 15 kati ya 100. Afrika kusini mwa Sahara ni wachache zaidi, na Asia Mashariki hawafiki hata mmoja kati ya 100. Uchache huo una ubaya wake: pale ambapo hali hii ni adimu, ni rahisi mhudumu kuisahau.

Jina Rh lilitokana na kima wa Asia aitwaye rhesus, ambaye damu yake ilitumiwa na Karl Landsteiner na Alexander Wiener katika utafiti waliouchapisha mwaka 1940. Baadaye ilibainika kwamba walichokigundua kwa kima si kitu kilekile hasa kilicho kwa binadamu. Jina likabaki.

Kama si ugonjwa, tatizo liko wapi?

Liko pale mama asiye na D anapobeba mtoto aliyerithi D kwa baba yake. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Kila mmoja ana yake, na kondo la nyuma limekaa katikati likipitisha chakula na hewa. Lakini ukuta huo huvuja kidogo, hasa miezi ya mwisho, na zaidi wakati wa kujifungua kondo linapobanduka. Matone machache ya damu ya mtoto huingia kwa mama. Mwili wa mama, ambao haujawahi kuiona D, huichukulia kama mvamizi na kuanza kutengeneza kingamwili za kuishambulia.

Mara ya kwanza mwili huwa mzito. Huchukua wiki kadhaa, na kingamwili za awali ni kubwa mno kupita kwenye kondo. Zinapokuwa tayari, mtoto kwa kawaida ameshazaliwa. Kinachobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo haifutiki maisha yote. Mimba ijayo, ikiwa mtoto ni chanya, hata tone dogo huuamsha mwili haraka, na safari hii hutoa kingamwili ndogo zinazovuka kondo na kuvunja chembe nyekundu za mtoto.

Mtoto hupungukiwa damu akiwa bado tumboni. Ikizidi, moyo hushindwa na mwili mzima hujaa maji. Wengine hufia humo humo tumboni. Akizaliwa hai, manjano (ngozi na macho kugeuka rangi ya njano) huja mapema, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza. Akiwa tumboni taka ya chembe zilizovunjika ilikuwa ikivuka kondo na kusafishwa na ini la mama. Sasa ini lake changa limeachiwa kazi yote. Taka hiyo ikifika kwenye ubongo inaweza kuharibu usikivu na uwezo wa kutawala viungo.

Sindano hufanya nini hasa?

Ndani ya sindano ya anti-D mna kingamwili zilezile tunazoziogopa, ila zimetoka kwa watu wengine. Hukamata chembe za mtoto zilizopenya kwa mama na kuziondoa kabla mwili wa mama haujazigundua. Wengi huiita chanjo, nami sigombani nao, lakini kazi yake ni kinyume: chanjo huufundisha mwili, hii huuzuia mwili usijifunze.

Kutokana na hilo hufuata mambo mawili ambayo ukiyashika, mengine yote yatakuwa mepesi. Kwanza, lazima itangulie. Mwili ukishajifunza, sindano haina la kufanya. Pili, kingamwili za kuazimwa huisha. Nusu yake hupotea kila baada ya wiki tatu hivi, kwa hiyo uliyochomwa kwa mtoto wa kwanza haimlindi wa pili. Kila mimba ina sindano zake.

Bila kinga, katika wanawake 100 wenye Rh hasi wanaozaa mtoto chanya ambaye kundi lake la ABO linapatana na la mama, 16 hivi huishia na kingamwili. Sindano ya baada ya kujifungua pekee hushusha idadi hiyo hadi mmoja au wawili. Ikiongezwa ya wakati wa ujauzito, hushuka hadi takriban wawili au watatu kati ya 1,000.

Huchomwa lini?

Nchi nyingi zenye utaratibu huu hutoa dozi moja ya uniti 1,500 (mikrogramu 300) katika wiki ya 28 hivi, au dozi mbili ndogo za uniti 500, wiki ya 28 na ya 34. Wiki ya 28 imechaguliwa kwa kuwa uvujaji wa kimyakimya, usio na maumivu wala damu kutoka, hutokea zaidi katika theluthi ya mwisho ya ujauzito.

Kisha huja ile ya baada ya kujifungua, ndani ya saa 72, ikiwa mtoto amepimwa na kukutwa chanya. Hii ndiyo isiyo na ubishi popote.

Ukiambiwa "sisi hapa tunachoma baada ya kuzaa tu," usidhani umedanganywa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito haukuipendekeza sindano ya wakati wa ujauzito kuwa ya kila mahali. Ulitaka itolewe ndani ya utafiti. Nchi nyingine zimeamua vingine. Uliza utaratibu wa unakohudhuria ukiwa bado na miezi minne au mitano, ili kama dawa inapaswa kutafutwa kwingine, muda uwepo.

Nilijifungua siku tano zilizopita na hakuna aliyenichoma. Nimechelewa?

Nenda leo. Saa 72 zilitokana na ratiba ya majaribio ya awali ya miaka ya 1960. Si mlango unaofungwa kwa kufuli. Sindano iliyochelewa hadi siku 10 bado inaweza kusaidia, na baadhi ya miongozo huruhusu hata hadi siku 28. Kila siku inayopita hupunguza faida, kwa hiyo usingoje siku ya kliniki ya mtoto. Nenda na kadi yako na majibu ya kundi la damu la mtoto, au umbebe mwenyewe akapimwe.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa bila sindano yoyote na ni mzima. Kwa nini leo?

Kwa sababu wa kwanza kwa kawaida haguswi. Yeye ndiye aliyeweza kuufundisha mwili wako, na somo hulipwa na anayemfuata. Uzima wake hauonyeshi kama mwili wako ulijifunza au la. Kinachoonyesha ni kipimo cha kingamwili. Fanya hicho kwanza. Kikiwa safi, sindano bado ina kazi, hata kama hii ni mimba ya nne.

Mimba yangu iliharibika kabla. Nayo inahesabika?

Ndiyo, na hapa ndipo naona makosa mengi. Mwanamke anaulizwa "umezaa mara ngapi?" anajibu "bado," na kweli hajazaa. Lakini mwili hauhesabu watoto walionyonya. Huhesabu mara ulizokutana na damu ngeni. Taja kila mimba: iliyotoka, iliyotolewa, iliyotunga nje ya kizazi, na mtoto aliyezaliwa akiwa amefariki. Ukiona uzito kulisema mbele ya uliyekwenda naye, omba kuzungumza na mkunga peke yenu.

Kuhusu sindano yenyewe, wiki ya 12 ndiyo mpaka unaotajwa zaidi siku hizi. Mimba ikitoka baada ya hapo, sindano hutolewa. Kabla ya hapo damu ya mtoto ni kidogo sana, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 kuhusu utoaji mimba unasema haihitajiki. Baadhi ya madaktari bado huitoa, hasa mimba iliyotunga nje ya kizazi ikiondolewa kwa upasuaji. Hakuna madhara ya maana kuipata bila kuihitaji.

Nini kingine kinaweza kunifanya nihitaji sindano kabla ya tarehe?

Kutokwa damu ukeni baada ya wiki ya 12. Kuanguka au kupigwa tumboni, ajali ya gari, hata mkanda wa gari uliokubana kwa nguvu. Kuchukuliwa maji ya uzazi kwa sindano kwa ajili ya vipimo. Daktari kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya kwa kusukuma tumbo. Katika yote haya nenda siku hiyohiyo hata kama huna maumivu na mtoto anacheza, na useme mwenyewe kwamba wewe ni Rh hasi. Kama ulichomwa ya wiki ya 28 majuzi, bado sema. Ile ilikuwa ya uvujaji mdogo wa kawaida na huenda ukapewa nyingine.

Mume wangu pia ni hasi. Kuna haja?

Kama baba wa mtoto ni hasi kweli, mtoto atakuwa hasi, na sindano haina kazi. Ila "kweli" hiyo iwe na karatasi ya maabara. Nimesikia watu wakitaja kundi walilopimwa shuleni miaka ishirini iliyopita, nalo likawa si lenyewe.

Kuna upande mwingine ambao wahudumu huuzungumza kwa sauti ya chini. Si kila mimba imetokana na mwanamume aliyekaa kwenye benchi la kusubiri. Kwa hiyo sehemu nyingi hutoa sindano bila kumtegemea baba, nami naona ni busara. Una haki ya kuipokea pasipo kumweleza mtu sababu.

Mimi ni chanya, mume ni hasi. Je?

Hakuna tatizo upande huo. Huhitaji sindano.

Inawezekana kujua kundi la mtoto kabla hajazaliwa?

Ndiyo, kwa damu ya mama tu. Chembechembe za vinasaba vya mtoto huelea katika damu ya mama; Dennis Lo na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1997. Baadhi ya nchi huzisoma kuanzia miezi mitatu hivi, na mtoto akionekana hasi, mama haguswi na sindano. Kwa wanawake wa asili ya Ulaya hao ni karibu wanne kati ya kumi, waliokuwa wakichomwa bure. Pasipo na kipimo hicho, husubiriwa damu ya kitovu siku ya kuzaliwa.

Majibu yangu yanasema "kipimo cha Coombs chanya." Si mliniambia mimi ni hasi?

Mkanganyiko huu umewaliza wengi, na kosa ni la lugha ya maabara. Chanya na hasi hapa zinajibu maswali mawili tofauti. La kwanza: je, una antijeni D? Hapana, wewe ni hasi, na hilo halitabadilika. La pili: je, katika damu yako kuna kingamwili za kuishambulia D? Hilo hujibiwa na kipimo cha Coombs, kilichobuniwa mwaka 1945, na ndilo linalobadilika.

Kabla ya kuingiwa na hofu, angalia tarehe. Kama ulichomwa anti-D wiki kadhaa zilizopita, kipimo kinaweza kuwa kimeziona kingamwili za sindano, si zako. Zinakuwa kidogo na huendelea kupungua. Mwambie anayekutoa damu siku uliyochomwa. Bila habari hiyo fundi wa maabara hana njia rahisi ya kutofautisha. Kwa sababu hiyohiyo, damu ya kipimo hiki hutolewa kabla ya sindano ya wiki ya 28. Sindano haisubiri majibu, lakini damu itangulie.

Kama ni zako mwenyewe, sindano haitasaidia tena, na kuendelea kuchomwa ni kupoteza dawa. Kinachofuata ni ufuatiliaji wa karibu kwa daktari bingwa. Kiwango cha kingamwili hupimwa mara kwa mara. Kikipanda, mtoto huangaliwa kwa ultrasaundi inayopima kasi ya damu kwenye mshipa mmoja wa ubongo. Damu inayokwenda kasi kuliko kawaida ni dalili ya upungufu. Mtoto huyo anaweza kuongezewa damu akiwa bado tumboni. William Liley alifanikiwa kufanya hivyo New Zealand mwaka 1963 kwa kuiingiza tumboni mwa mtoto. Leo hupitishwa kwenye mshipa wa kitovu. Baada ya kuzaliwa kuna mwanga wa buluu wa kushusha manjano, na inapobidi, kubadilishiwa damu. Watoto wengi hupona, lakini ni safari ya hospitali kubwa, ya wiki nyingi.

Je, dozi moja inatosha kila mtu?

Wengi, ndiyo. Uniti 1,500 hufuta takriban mililita 15 za chembe nyekundu za mtoto, yaani mililita 30 hivi za damu yake nzima. Mara chache damu iliyopenya huwa nyingi zaidi: kondo lililobanduka mapema au kutolewa kwa mkono, mapacha, upasuaji uliokuwa na vurugu. Kuna kipimo cha Kleihauer, cha tangu mwaka 1957, kinachohesabu chembe za mtoto ndani ya damu ya mama, na dozi huongezwa kulingana nacho. Kama kuzaa kwako kulikuwa na mambo mengi, uliza kama kilifanyika.

Inachomwa wapi, na inauma?

Kwenye msuli wa bega au paja. Aina nyingine hupitishwa kwenye mshipa. Tako halipendelewi, maana dawa inaweza kubaki kwenye mafuta isifike ilikotumwa. Inauma kama sindano yoyote, na bega huweza kubaki zito siku moja au mbili.

Imetengenezwa kwa damu ya watu. Niiamini?

Swali la haki. Imetolewa kwenye plazma, sehemu ya maji ya damu, ya wachangiaji waliopimwa, kisha plazma hiyo hupitishwa kwenye hatua za kuua na kuchuja virusi. Hofu haikutoka hewani: Ayalandi, mwishoni mwa miaka ya 1970, wanawake wengi waliambukizwa homa ya ini aina C kupitia anti-D iliyochafuka, na jambo hilo likafichuka mwaka 1994. Virusi hivyo havikuwa vimetambuliwa hadi 1989, kwa hiyo wakati ule hapakuwa na kipimo chake. Leo kipo, na hatua za kusafisha ni nyingi zaidi.

Madhara ya kawaida ni maumivu mahali pa sindano, homa ndogo, kichwa kuuma. Mzio mkali ni nadra. Kaa kituoni dakika 20 hivi kabla ya kuondoka. Kama uliwahi kudhurika na dawa ya aina ya imunoglobulini (yaani dawa ya kingamwili, kama hii), au una upungufu wa kingamwili aina ya IgA, sema kabla. Mtoto hadhuriki: kiasi kinachomfikia ni kidogo mno kumletea upungufu wa damu. Kunyonyesha hakuna shida.

Kwa nini wakati mwingine haipatikani?

Kwa sababu karibu kote duniani bado hakuna kiwanda kilichochukua nafasi ya mwili wa binadamu. Inategemea idadi ndogo ya watu wenye Rh hasi ambao damu yao tayari ina anti-D. Anayejulikana zaidi ni James Harrison wa Australia, aliyeongezewa damu nyingi katika upasuaji akiwa na miaka 14, akaanza kuchangia mwaka 1954, na kuendelea hadi 2018 sheria ya umri ilipomzuia akiwa na miaka 81. Alichangia zaidi ya mara 1,100. Alifariki mwaka 2025.

Dawa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ukiambiwa uinunue mwenyewe nje ya hospitali, uliza ilikohifadhiwa, na usitembee nayo juani kwenye mkoba.

Itaingiliana na chanjo nyingine?

Chanjo zenye virusi hai kwa kawaida huachiwa miezi mitatu. Ya rubela ni tofauti kidogo: mama anayeihitaji baada ya kujifungua huweza kupewa bila kungoja, kisha apimwe baadaye kama imeshika. Za mtoto zinaendelea kama ratiba ilivyo.

Nimeamua kufunga uzazi. Bado nichomwe?

Wengi hushauriwa wachomwe, kwa sababu mbili. Kuna wanaobadili mawazo, na kufunga uzazi kuna siku hushindwa. Ya pili haihusu mimba: mwili uliotengeneza anti-D hauwezi tena kupewa damu chanya kwa usalama, hata katika dharura ambayo chupa iliyopo ni hiyo tu.

Niandike nini kwenye kadi yangu?

Kundi lako la damu, tarehe ya kila anti-D na dozi yake, tarehe na jibu la kila kipimo cha kingamwili, na kundi la damu la mtoto akishazaliwa. Piga picha ukurasa huo uuweke kwenye simu, kwani kadi hupotea siku ileile inapohitajika.